Makapi ya Bibi Damari

"Kama wamenifuta, mbona bado nina njaa?" Damari alisema, akaipiga alizeti kwa fimbo mpaka mbegu zikaruka hadi juu ya paa la jiko.

"Hawajakufuta wewe, Bibi. Wamefuta video," mjukuu wake Flora akamjibu.

"Video ya nani?"

"Yako."

"Yenye uso wa nani?"

"Wako, Bibi."

"Haya. Wamenifuta."

Magdalena, wifi yake, alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta. Huyu ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji, na mkoba wake wenye mashine ya kupimia presha hauachi hata akienda kuchuma mlenda. "Mimi nasema wamefanya vizuri," akasema. "Walichelewa tu. Kitu chenyewe kina ubishi, madaktari wanakikataa, wakiache kikae pale kifanye nini?"

"Na mimi nasema ni wachawi," Damari akasema. "Mtu hanijui, hajawahi kula ugali wangu, anakaa huko aliko ananyoosha kidole, puu, bibi wa watu hayupo."

Ubishi huo ulianza asubuhi, na sasa jua lilikuwa limeshapita utosini.

Ukitaka kuelewa chanzo chake, lazima ujue hadithi zinavyosimuliwa kwa Damari. Alizeti ikishapurwa, majirani hukaa kuzunguka ungo, kila mtu na konzi ya makapi mkononi, na yeye husimulia. Uongo ukizidi kimo, wanamrushia hayo makapi. Hakatazwi kuendelea, la, anarushiwa tu. Hadithi ikiisha anasimama, anakung'uta kanga, na yale yanayoanguka chini ndiyo kipimo cha utamu wake. Mwaka aliposimulia alivyovuka ziwa Singidani amekalia korongo wawili, mguu mmoja huku na mwingine kule, yalianguka makapi ya kulisha mbuzi siku mbili. Shule hakwenda hata siku moja. Baba yake alimpa ng'ombe kumi na saba awachunge, na yeye akawafundisha hao ng'ombe kuimba. Hivyo ndivyo anavyosema. Ihanja nzima, kijiji chao, wanamwita muongo kwa mapenzi, kama mwingine anavyoitwa fundi.

Sasa wiki tatu zilizopita Flora alitoka Mwankoko, anakosukia watu nywele, kuja kusaidia mavuno. Akamkuta Bibi katikati ya hadithi ya presha, akatoa simu, akarekodi. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: presha ya Damari ilipanda mpaka mashine ya kupimia ikapasuka, mpira ukaruka ukamvua kofia mwenyekiti wa kijiji. Ndipo Damari akaenda penye mashine ya kukamua alizeti, akachimbia miguu yake kwenye mashudu ya moto yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, akalala hapo hadi alasiri. Presha ikashukia nyayoni, ikatoka yote. Tangu siku hiyo hajui kidonge kina ladha gani.

Hapo hadithi ilikuwa nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa ya kuku. Kuku walikula yale mashudu, presha ikawaingia wao. Jogoo akamfukuza mwewe hadi Puma, na tetea mmoja akataga mayai yaliyokwisha kuchemka. Kwenye kuku ndipo makapi yalipomiminika mpaka Damari akabaki pua tu.

Na kuku ndio Flora aliowakata.

"Watu wa mtandaoni hawana subira, Bibi," alijitetea kwa mara ya kumi siku hiyo. "Dakika moja na nusu wanachoka."

"Dakika moja na nusu mimi bado sijakohoa."

Basi ikaenda video isiyo na kuku wala makapi, bibi tu mwenye sura ya kuaminika, anasema ameponea kwenye mashudu. Wakaitazama watu elfu arobaini. Siku ya kumi na moja wenye mtandao wakaifuta, wakaacha maneno mawili matatu kwamba ni madai ya tiba yasiyothibitishwa.

Hata hayo yangepita. Lakini asubuhi hii simu ya Flora ililia, na aliyepiga ni mama mmoja wa Kiomboi, jina lake Sikudhani, aliyeiona namba kwenye ukurasa wa Flora. Alikuwa kwenye basi. Alisema leo ni siku ya tisa hajameza vidonge vyake vya presha, na anakuja Ihanja kumshika Bibi mkono na kumwomba amwonyeshe mashudu yenyewe, maana ya kwao yakifika nyumbani yameshapoa.

"Nilimwambia ni utani," Flora akasema. "Nilimwambia mara tatu."

"Akasemaje?" Magdalena akauliza, ingawa alishaambiwa.

"Akacheka. Akasema, 'Wamewatisha, mwanangu, naelewa. Kama si dawa ya kweli wangeifuta ya nini?'"

Damari akatupa fimbo chini kwa furaha. "Umesikia, wifi? Umesikia? Wangeniacha nikae palepale, mtu angeandika chini yangu, huyu bibi muongo, mambo yakaisha. Wamenifuta, nimekuwa siri. Siri nani asiyeitaka?"

"Waliandika," Magdalena akasema polepole. "Yasinta wa hapo ng'ambo ya barabara aliandika, huyo ni Bibi Damari, muongo tangu ujana wake. Flora, walimjibu nini?"

"Kwamba ana wivu."

"Wivu. Haya, wifi, hayo ndiyo makapi yao. Na kama ingekaa wiki nyingine, leo tungempokea mama mmoja? Tungepokea basi zima limeacha vidonge."

"Basi zima la watu wangapi?" Damari akauliza, na macho yakamng'aa.

"Wifi."

"Nauliza tu."

"Siku tisa, wifi. Mtu wa presha. Anaweza kuanguka palepale stendi."

 Mkono wa Damari ukaenda wenyewe kwenye fundo la pembe ya kanga, lile ambalo Ihanja nzima wanajua ni la ugoro. Kila mtu anaamini hivyo, isipokuwa Magdalena. Ndani ya fundo hakuna ugoro hata chembe. Mna vidonge vya presha, kimoja kila asubuhi, mwaka wa sita sasa. Magdalena humletea kila mwezi amevifunga kwenye jani la kabichi, ili watu wasijue kwamba mwanamke aliyefundisha ng'ombe kuimba anameza dawa kama wengine.

"Basi nitamwambia ukweli," Damari akasema.

Flora akamtazama Magdalena, Magdalena akamtazama Flora. Wakaanza kucheka wote wawili, na Magdalena ikabidi auweke ungo chini.

"Fanya mazoezi kwanza," Magdalena akasema. "Mimi ndiye mgeni. Hodi."

Damari akasimama, akajinyoosha kama mtu anayeitwa mbele ya baraza. "Karibu, mama. Yale ya mashudu nilitania. Presha yangu haikushushwa na mashudu."

"Vizuri sana. Hapo hapo nyamaza."

"Ilishushwa na punda."

Konzi ya makapi ikamfika usoni.

"Rudia."

"Karibu, mama. Nilitania. Rudi kwenye vidonge vyako. Hata mimi..." Akamwangalia Flora pembeni. "Hata mimi namjua mtu anayemeza, na ni mzima. Ana miaka mia moja na arobaini."

Makapi. Sasa hata Flora alirusha, huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mdomo wangu hauna hiyo njia," Damari akasema, akijikung'uta. "Nikiusukumia ukweli unapinda kona wenyewe. Flora, nirekodi nikiwasimulia hao kuku, uwarudishe huko mtandaoni, waone nusu yangu nyingine."

"Watawafuta na kuku, Bibi."

"Wakifuta kuku nitawashitaki."

"Na huyu mama hatazami simu tena," Magdalena akasema. "Anakuja kukutazama wewe. Na hata ukisema ukweli mtupu, ataona wamekutisha. Mwenye elfu arobaini ni wewe, si mimi na mkoba wangu. Mimi nimezunguka kitongoji hiki miaka minane naimba vidonge, vidonge, na hakuna aliyepanda basi kuja kunishika mkono."

Aliyasema hayo huku akicheka, lakini Damari alimjua wifi yake, na kicheko kile kilikuwa na kitu chini yake. Akautazama ule mkoba, ukanda wake umeshonwa kwa uzi wa gunia. Akafikiri kusema neno la kumfariji. Lililomjia lilikuwa na tembo ndani yake, akaliacha.

"Weka ungo karibu na kigoda cha mgeni," akasema badala yake. "Wenye makapi. Akitaka kunipiga, asitafute."

"Hodi wenyewe."

Wote watatu wakageuka. Mlangoni pa uzio alisimama mwanamke mnene wa makamo, ushungi umelowa jasho, ndoo ya mashudu kichwani, na mkono mmoja ameushika mti wa uzio kama mtu ambaye nchi inamzunguka kidogo. Alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

"Shikamoo, Bibi. Ni wewe kabisa. Kama kwenye simu."

Magdalena alikuwa ameshafungua mkoba. Flora alikuwa na makapi mkononi, hajui ayapeleke wapi.

Damari akafungua mdomo. Wakamsubiri. Kisha akaufunga, akashika pembe ya kanga mbele ya mjukuu wake na mbele ya mgeni, akaanza kufungua fundo.