Sikio la Fundi Mlangoni

Juzi mjukuu wangu alikuwa akibadilisha mkono wa mlango. Nikanusa grisi na kutu, mara nikajiona niko kwetu Mtoni, alasiri ile.

Baba alikuwa amefariki, mama yumo edani, haonwi na wanaume wa nje. Na mkono wa mlango wa mbele ulikuwa umeng'oka. Upepo ukivuma, mlango unafunguka wenyewe.

Akaitwa fundi kutoka Kipawa. Alipiga hodi, akabaki nje. Yeye akipenyeza bolti kwa nje, mama akikaza nati kwa ndani, ananukia sabuni ya mche tu.

"Kaza tena, dada."

"Imegoma, fundi."

"Basi ilegeze, uanze upya. Hatuna haraka."

Nilichungulia kwenye tundu la mlango, nikaliona sikio lake tu. Muda wote kageukia barabarani. Nikadhani kamnunia mama.

Eda ilipokwisha tulikutana naye dukani; nililitambua sikio lake, nikamnong'oneza mama. Alitupita kama asiyetujua, mpaka mama alipomsalimia. Aliposikia sauti ile akageuka, uso umemchangamka.

"Kumbe ni wewe, dada! Mlango haujambo?"