Siku Nilipoilalia Taa ya Meli

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na wenzangu wa Guangzhou wakianza kunikumbusha huwa najidai natafuta viatu vyangu niondoke, lakini leo acheni niiseme mwenyewe kabla hawajaitia chumvi zaidi.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nakwenda China kununua viatu soko la Zhanxi pale Guangzhou, karibu na stesheni ya treni, ila mimi ni mtu wa kutotulia, nikasikia Wachina wanajenga minara mipya ya taa kando ya pwani yao kuongoza meli bandarini. Basi hamu ya nyumbani ikanishika (Tanga nilikokulia nililala nikihesabu mwako wa taa ya mnara dirishani), nikaenda mpaka karakana moja inayotengeneza taa hizo, nikanunua moja ndogo ya kuwekwa kwenye boya, ukubwa wa sufuria ya wali. Ya kazi gani? Msiniulize. Laoban, yaani bosi wa pale, alinieleza mengi kwa mikono, nami nikaitikia kwa kichwa bila kuelewa hata moja.

Kesho yake nikapanda boti ya abiria kushuka mtoni, nikauone mnara mpya pale mto unapoingia baharini. Nilikuwa na Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Mombasa anayekijua Kichina, yeye akienda zake kiwanda cha viatu. Aliniambia niiache taa kwenye boksi. Mimi nikaitoa, nikaiweka juu ya benchi la mbele abiria waione, nikawa naipangusa kama gari jipya.

Saa nane mchana wingu likafunga, mvua ikashuka, kukawa giza kama magharibi. Taa ikawaka yenyewe. Nyekundu, mara mbili, ikatulia, mara mbili tena. Abiria wakapiga makofi, nami nikainama kuwashukuru (Mungu anisamehe). Mara baharia akatoka mbio akifoka, na uso wa Bi Zuhura ukabadilika.

"Anasema kila taa mtoni ina mwako wake, na huu wako ni wa boya la njia ya maji marefu. Izime, bwana."

Natafuta swichi, hakuna. Juu hakuna, chini hakuna. Na ndani ya mvua nikaliona tishari, chombo cha kubebea mchanga, refu kama mtaa, linageuza pua taratibu kutujia sisi, likidhani ndipo pa kupita. Honi yake ikalia, yetu ikajibu. Nikavua koti nikaifunika, ikawaka vilevile, wekundu unapenya kitambaa. Nikailalia kwa tumbo mtu mzima, na naambiwa shati langu jeupe lilikuwa linawaka na kuzima huku mimi nasoma shahada na kuwaza ni nani atampelekea mama habari. Watu wakakimbilia upande mmoja, boti ikalala.

Bi Zuhura akanivuta mguu. "Toka hapo juu, wewe ndiye unayeitia giza. Ina jicho hiyo, ikiona giza inawaka. Ipe mwanga."

Baharia akaniviringisha pembeni kama gunia, akamulika tochi kwenye kijicho cha kioo, na taa ikazima. Hivyo tu. Tishari likakata kona na kutupita karibu mno, nikamwona mtu wake ana kijiko cha wali mdomoni, amesahau kutafuna.

Nahodha hakunigombeza. Alinipa ile tochi, akanikalisha chini mbele ya abiria wote, akaniagiza niimulike taa yangu mpaka tufike. Mtu wa miaka arobaini na ushee, mchana, anaimulika taa kwa tochi, mkono umekufa ganzi. Mama mmoja aliyembeba mtoto alikuwa bado analia, na huyo ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Mnara mpya tuliupita upande wa kulia. Najua kwa sababu wote walisimama kuutazama, na Bi Zuhura akaniambia ni mweupe, mzuri. Mimi sikuthubutu kuondoa macho kwenye kile kijicho.

Tangu siku hiyo nanunua viatu tu, na vile vya watoto vinavyowaka kisigino nikivikuta Zhanxi, navuka barabara.