Kilo za Bi Dalila

Hafidha binti Mbarak alikuwa na mwaka wa tatu Guangzhou na mto hajauona. Mto wenyewe hauko mbali, basi moja tu kutoka Xiaobei, mtaa anaokaa, lakini mtu wa kazi yake huenda anakotaka mteja, na mteja aliyetoka Darajani au Kariakoo hakuja China kutazama maji. Amekuja kununua mapazia. Hafidha humpokea uwanja wa ndege, humtafutia hoteli ya bei ya kumfaa, humzungusha kwenye masoko ya jumla, humsemea kwa malaobani, yaani mabosi wenye maduka, kisha husimamia maboksi yake mpaka kontena lifungwe na kwenda zake bandari ya Nansha. Na Nansha nako hajafika. Anaijua kwa makaratasi.

Alikuja mara ya kwanza kwa safari ya wiki mbili, amefuatana na tajiri mmoja wa vitenge aliyetaka mtu wa kumsaidia. Tajiri alirudi, yeye akabaki, kwani Kichina cha sokoni kilimwingia kama mchezo, na waliokuja baada ya tajiri walimtaka yeye. Akapata meza yake jengo la Tianxiu, chumba kimoja na Mkongo anayesafirisha nywele za bandia. Katika kazi ile alishika amri moja tu: mzigo hauachwi peke yake. Hata akienda kuswali, huuacha mikononi mwa mtu anayemjua kwa jina.

Basi mwaka 2007 mama yake, Bi Dalila, akaja kumtazama. Hilo halikuwa la kawaida Xiaobei. Watu huja kununua, huja kusoma, wapo hata waliokuja kumtafuta mume aliyezima simu. Lakini mama mtu mzima aliyetoka Unguja ili amwone mwanawe tu, bila oda ya mtu, nani aliwahi kumsikia? Siku mbili za kwanza alikaa chumbani akipika, Hafidha yuko sokoni na wateja. Usiku wa pili mama akasema, "Keshokutwa narudi. Kesho ni yangu. Maduka sitaki, nimeyaona kwetu. Nivushe huo mto wao, tule upande wa pili, nione watu wanavyokaa. Gari sina haja nalo, miguu ninayo."

Hafidha akaapa kwamba kesho hata rais akija kununua mapazia hatamshughulikia.

Hapa lazima lielezwe jambo la kilo, la sivyo hasira za siku ile hazitaeleweka. Ndege humruhusu abiria mabegi mawili. Kwingine kote duniani mabegi yale ni ya abiria. Xiaobei ni ya umma! Mtu akishajulikana tu kwamba anasafiri, kilo zake zinaanza kugawanywa kama nyama ya arusi, huyu paja, huyu mbavu, na mwenyewe huambiwa mwishoni, ikiwa ataambiwa. Kukataa ni vigumu, maana nawe kesho utakuwa na dawa ya kumpelekea shangazi, na utamwomba nani?

Asubuhi walitoka, Bi Dalila kavaa buibui jipya na raba za Hafidha, kabeba chakula kwenye mfuko. Ndani ya lifti wakamkuta Zubeir, muuza simu wa ghorofa ya juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unarudi lini?"

Bi Dalila akamtazama juu mpaka chini. "Nimekuja juzi."

"Najua, bibi, karibu sana. Nauliza kwa kuwa nina simu chache hivi, nyepesi kama biskuti."

"Kwenu hawakukufundisha kumuuliza mgeni kalalaje?"

"Umelalaje, bibi?"

"Vizuri."

"Alhamdulillahi. Basi nizilete sasa hivi au jioni?"

Akazileta sasa hivi, mbio, akawakuta mlangoni. Nje ya jengo mwanafunzi mmoja akaleta viatu vya mtoto wa dada yake. Mama mmoja muuza chakula akaja na dawa za miguu za mkwewe. Kila mmoja alianza na shikamoo, na kila mmoja, kabla marahaba haijakauka mdomoni, aliuliza siku ya kurudi. Hafidha alipokea vyote. Alikuwa akichemka, lakini alipokea. Mikono ilikuwa na mazoea yake. Walipofika kituo cha basi mfuko wa chakula ulikuwa umefunikwa na mali za watu.

"Haya ndiyo matembezi?" Bi Dalila akauliza. "Mimi naona nimekuwa punda, ila punda hupewa majani."

"Nisamehe mama. Ndivyo watu wa hapa walivyo."

"Na wewe wa wapi?"

Hafidha akanyanyua mfuko. Basi lilikuwa limefika.

Mto ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa, na matishari yaliyojaa mchanga yakipita polepole, kwani mji mzima ulikuwa ukijengwa, kila upande winchi. Bi Dalila akashika chuma cha kijani cha gati akatazama. Kivuko kilikuwa ng'ambo kikipakia. Wazee wa Kichina walisimama karibu na baiskeli zao wakisubiri, na mmoja akamwonyesha kwa kidole samaki aliyeruka. Wakacheka pamoja, hakuna aliyejua lugha ya mwenziwe. Hafidha akamwona mama yake amekunjua uso kwa mara ya kwanza tangu afike, na moyo wake ukatulia.

Simu ikalia. Alikuwa Rahim, mteja wake mkubwa, muuza vipuri vya magari kutoka Dar. Akauliza yuko wapi, naye kwa mazoea yaleyale akasema yuko gatini na mama. Hata hakumaliza kujilaumu, teksi ikasimama. Rahim akashuka, jasho linamtoka, na boksi kubwa lililofungwa kwa gundi ya karatasi pande zote. Akalitua chini mbele ya miguu ya Bi Dalila kwa kishindo.

"Shikamoo, bi mkubwa. Dada Hafidha, nimekuokoa na kazi ya kulifuata. Ni chuma tupu, mtaliweka chini ya begi."

"Begi lipi?" Hafidha akauliza.

"La mama."

"Rahim, una akili? Huyu ni mgeni wangu. Unamfuata mpaka mtoni kumtwika vyuma?"

Rahim akashangaa kweli, wala hakujifanya. "Dada, si ulinipa mwenyewe? Tulikuwa tunapima maboksi, nikakwambia nina vipuri vya haraka, ukaniambia mama anakuja, kilo zake zote chukua. Nikamwambia fundi Dar asubiri. Hukusema?"

Alisema. Alisema mwezi uliopita, kalamu ya wino mkononi, anaandika alama kwenye maboksi, na mama yake hajapata hata pasipoti. Yalimtoka kama mtu anavyosema inshallah. Hafidha akageuka amtazame mama.

Bi Dalila hakupandisha sauti. "Kumbe nilikuwa na wenyewe."

"Mama, lilinitoka tu."

"Hawa wengine wageni kwangu, wameniona begi, nimesema haya, nitabeba. Lakini wewe nimekubeba miezi tisa, sikukuuliza kilo zako."

"Bi mkubwa usikasirike," Rahim akasema, keshafungua mlango wa teksi. "Ndivyo tunavyosaidiana huku. Umoja wetu!"

"Chukua boksi lako!" Hafidha akapiga kelele hata wazee wa Kichina wakageuka. "Nimekosa mimi, nakuomba radhi mimi, lakini lichukue! Umoja gani huo? Mtu mzima anasimama mbele yenu, hamuoni sura, mnaona mizani! Umemuuliza jina lake? Lichukue, Rahim!"

"Mnipigie mkifika nyumbani," Rahim akasema, akaingia, teksi ikaondoka. Alijua anachofanya. Xiaobei nzima ilijua kwamba Hafidha haachi mzigo.

Kivuko kikafika. Watu wakaanza kuingia na baiskeli zao. Hafidha akainama, akashika boksi pembe mbili, akaanza kuliburura.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Tuvuke nalo. Tutarudi nalo."

"Likiingia hilo, mimi siingii."

"Mama, mali ya mtu hii. Likipotea nitaambiwa nini?"

"Sijui utaambiwa nini. Mimi kesho naondoka. Chagua unatembea na nani."

Mtu wa kivuko akapiga kengele, akawapungia mkono wafanye haraka. Hafidha alibaki ameinama, vidole vimeshika karatasi ya boksi. Mtu asiyefanya kazi ile ataona ni jambo dogo. Kwake ilikuwa kama kuambiwa aache mtoto barabarani. Akanyanyuka. Akampa mama mkono wakavuka ubao, na mlango wa chuma ukafungwa nyuma yao. Akampigia Rahim hapohapo. "Vipuri vyako viko gatini, karibu na chuma cha kijani. Mimi niko mtoni na mama yangu. Bi Dalila binti Haji, ndilo jina lake." Akakata.

Boksi likabaki peke yake juu ya saruji. Hafidha alilitazama mpaka mama akamgeuza kichwa kwa mkono, kama alivyokuwa akimgeuza utotoni akimsuka. "Huku," akasema. "Mto uko huku."

Walikula wali upande wa pili, chini ya kuta ambapo watu walianika mablanketi. Walirudi alasiri. Boksi halikuwepo, na Hafidha hakuwa na raha mpaka alipomwona Rahim kesho yake akipita mbele ya meza yake bila salamu. Ndipo akajua kwamba vipuri viko salama. Vingepotea, Tianxiu yote ingesikia. Ile mifuko ya simu, viatu na dawa Bi Dalila aliichukua, kwa kuwa alisema haya kwa mdomo wake. Begi la pili lilipanda ndege tupu.

Rahim amehamia kwa wakala mwingine. Anasema kwenye kila meza ya chai kwamba Hafidha siku hizi ana maringo, ameacha mali ya Mtanzania mwenzake chini kama takataka, na watu wanatikisa vichwa wanasema loh, Hafidha huyu! Hayo yanarudiwa mpaka leo. Lakini ni nani kati ya hao watikisa vichwa, hata mmoja, aliyepata kumuuliza Rahim yule mama alikuwa amesimama wapi alipolitua boksi lake?