Alasiri za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa mbao pale wanapotengeneza mashua, kando ya mto. Mtu mpole. Miaka yote tuliyoishi Mangobo, majirani hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Ugonjwa ulipoanza tulidhani ni uchovu. Alisahau randa kazini, akaingia nyumba isiyo yetu na kuketi kungoja chakula. Mwishowe wakubwa wake wakamwambia abaki nyumbani.

Asubuhi nilikuwa naye kama zamani. Jua likianza kuinama, alibadilika. Alizunguka ua, akavuta mlango, akafunga nguo zake ndani ya shuka ili asafiri kwenda kwao.

"Mashua ya Opala inaondoka! Mama yangu iko ananingoja."

Nilidhani ukweli utamtuliza. "Papa, mama yako alikufa. Tulimzika mimi na wewe."

Akaanguka chini akalia, kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi. Majirani wakaja mbio, akina mama wakijifunga vitenge viunoni, wakiuliza nani amekufa. Kesho yake nikamwambia tena, akalia vilevile. Nikaona kwamba kwake msiba ule ulikuwa mpya kila siku, na mimi ndiye niliyemletea.

Kaka yake mkubwa akaja kutoka Opala. Alisema mdogo wake amerogwa, na aliposema hivyo alinitazama mimi, binti wa wavuvi wa Wagenia, mtu asiye wa kabila lao. Akamfunga kwa kamba kwenye nguzo ya baraza. Mume wangu akavuta mpaka ngozi ya mikono ikachubuka, huku akimwita mkewe:

"Bibi yangu! Bibi yangu iko wapi?"

"Mimi hapa, papa."

"Weye hapana! Weye iko mwizi. Umevaa nguo zake."

Nilichukua kisu cha samaki nikakata kamba. Shemeji akanishika mkono.

"Shemeji," nikamwambia, "kama unataka kumfunga, mpeleke kwako. Umfunge huko, umlishe, umwoshe."

Akaniachia. Baada ya siku chache akarudi Opala, peke yake.

Tangu hapo niliacha kubishana. Mume wangu akisema mashua inaondoka, nilijibu, "Bado wanapakia mizigo, papa. Tule kwanza." Nilimwekea lituma, ndizi zilizotwangwa, na samaki. Mara nyingine alikula na safari ikamtoka kichwani. Mara nyingine nilimpa ubao na msasa, akasugua na kusugua, uso wake ukalegea.

Zilikuwepo siku ambazo hakuna kilichosaidia. Siku moja alinipiga kwa ubao huohuo, nikasikia kidole changu kikivunjika. Nilipopiga yowe akashtuka, akautupa ubao. Akanishika mkono, akapuliza kidole kama mtu anavyompulizia mtoto aliyeungua.

"Bon, pole," akasema. "Nani amekufanya hivi, mama?"

"Nimeanguka."

"Keti hapa. Bibi yangu atakuja kukufunga kitambaa. Yeye anajua."

Nikaketi. Tulimngoja pamoja huyo bibi yake.

Mvua kubwa zilipoanza, makelele yakaisha. Watu walinipongeza, wakasema amepona. Hakupona. Alikuwa amesahau hata kutaka kwenda mahali. Alitazama ukuta, mdomo wazi. Nilimlisha kwa kijiko na kumpapasa koo ili akumbuke kumeza. Nisingeamini kwamba ningetamani anitukane tena, lakini nilitamani.

Alikufa asubuhi moja, uji ukiwa bado mdomoni. Niliufuta kabla sijamwita mtu. Jirani yangu wa kike akaja, akanishika bega.

"Lia, mama."

Machozi hayakuja. Nilijinyoosha mkekani kando ya kitanda chake na usingizi ukanichukua palepale. Niliamshwa na wale waliokuja kumwosha.