Wa Mbali Watangulie

Kaka yangu anayeishi Dar es Salaam akinipigia simu huanza na swali lile lile: "Vipi huko kijijini?" Anajua vizuri kwamba Tabora ni manispaa, ina lami, ina vyuo, ina uwanja wa ndege. Anauliza ili nikasirike, nami sijawahi kumnyima. Namwambia mimi natoka nyumbani saa mbili kasoro robo, na saa mbili kamili nimeshafungua duka langu la vitambaa, tena nimesalimia watu kumi na kukataa chai mara mbili. Yeye saa hizo bado amekaa kwenye foleni ya magari, anasoma tangazo lililobandikwa nyuma ya lori.

Sisemi kwa kusikia. Niliishi Dar miaka minne nikarudi kwa hiari yangu. Nilichoka na mahali ambapo jirani tuliyepakana ukuta alifiwa, nami nikajua siku turubai linashushwa. Hapa ukifiwa, hujamaliza kulia, mtu ameshabandika sufuria la maji jikoni kwako. Hilo silibishi. Ninaobishana nao ni wale wanaousifu wema wetu kana kwamba ni wa bure. Si wa bure, na mama yangu ameulipia kwa jicho lake la kulia.

Mama ni mshona kofia, zile za viua, zinazotobolewa tundu moja moja kwa sindano. Ametusomesha kwa sindano hiyo, mimi na kaka. Mwaka juzi alianza kukosea mistari. Kisha akawa anagonga vikombe vilivyo pembeni yake, kama vile upande mmoja wa dunia umefungwa pazia. Muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani kwetu akatuambia dalili zile anazijua: ni presha ya macho. Haiumi, alisema, ila inakula jicho taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Aonwe na bingwa, tena haraka.

Bingwa wa ugonjwa huo hatukuwa naye. Hapo ndipo damu inaponichemka. Watu wa mji wa kadiri yetu tuko wengi wa kutosha kutozwa ushuru wa kila aina, lakini ikifika zamu ya kugawa mabingwa tunageuka wachache. Tunaambiwa tusubiri. Basi tukasubiri kama wengine, mpaka gari la matangazo lilipopita mtaani na kipaza sauti: madaktari wa macho wanakuja, kambi ya siku tatu, huduma kwa wote.

Siku ya kwanza nilimfikisha mama pale kambini kabla jua halijatoka. Tulipewa kikaratasi namba kumi na moja. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamwekea maji, nikaenda dukani. Adhuhuri nikarudi kumchukua, nikiamini ameshaonwa. Nikamkuta benchi la nyuma kabisa, anapiga soga, mkononi ana namba tisini na nne.

"Mama, namba yako iko wapi?"

"Nimempa bibi mmoja katoka Usinge. Kalala njiani, mwanangu. Mimi kwangu si hapo tu? Wa mbali watangulie."

Mgeni wa mji huu anaweza kudhani ni mama yangu tu mwenye kasoro hiyo. La. Ndivyo tulivyolelewa, sisi wa mjini hapa. Kwenye mashine ya kusaga, bombani, kwa kinyozi, mwenye vumbi miguuni humpita mwenye viatu safi, na mwenyeji anayeng'ang'ania zamu yake huonekana hakufunzwa. Bibi yangu wa Kwihara alikuwa akijisifu kwamba watu wa huku tulijua kupokea wasafiri tangu enzi za misafara: aliyeingia na mzigo hupewa maji kwanza, jina huulizwa baadaye. Fahari hiyo ya bibi naipokea nusu tu, maana najua mizigo ile ilikuwa nini, na waliofungwa minyororo hakuna aliyewaambia watangulie. Lakini desturi imebaki, imetuganda.

Siku ya pili nilimwapisha. Nikakaa naye mpaka saa nne, namba kumi na tisa ikiwa kiganjani mwake. Kisha nikapigiwa simu kutoka dukani, watu wa harusi wamekuja kuchagua vitambaa vya sare. Nikaenda mbio, nikarudi mbio. Namba alikuwa nayo mrina asali wa vijijini Sikonge, aliyeletwa na nduguye kwa baiskeli kupita barabara ya vumbi. Nikatazama benchi la nyuma. Mji ulikuwa umehamia pale: fundi cherehani wa mtaa wa pili, mke wa muuza dagaa, mzee anayetengeneza saa. Wote wenyeji, wote wagonjwa, wote wanasukumiana mbele na kurudishana nyuma. "Tangulia wewe." "Hata, we tangulia." Wagonjwa wa macho wanashindana kwa adabu huku muda unakwisha!

Siku ya tatu nilifunga duka, lakini watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya uzio, na namba zikaisha kabla hatujafikiwa. Alasiri madaktari wakapanga vifaa vyao kwenye gari. Nikamuuliza mama sasa tufanyeje. Akanijibu kwa utulivu wake ule, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji yupi aliyepona hapa?" nilimpigia kelele, mbele za watu. "Nionyeshe hata mmoja! Wema usizidi uwezo, mama!" Alijifunga kanga yake vizuri akatangulia kutoka. Naona aibu kwa kelele zile. Kwa maneno yenyewe, sioni.

Kaka akatuma nauli. Lakini mama akakataa kuondoka kabla ya mfungo kwisha, kisha kukawa na msiba wa jirani, kisha harusi ambayo lazima aonekane. Hiyo nayo ni gharama ya kujulikana. Miezi mitatu ilipita ndipo tukapanda basi hadi Dodoma, na kutoka Dodoma treni ya umeme hadi Dar.

Kule hospitalini mashine ndiyo inayotoa namba, na jina la mgonjwa limeandikwa juu yake, hapewi mwingine. Mama akawasalimia walioketi kulia na kushoto. Kijana wa kushoto akatoa kitu cha kusikilizia sikioni, akasema marahaba badala ya shikamoo, akakirudisha. Mama akaninong'oneza:

"Hapa aliyetoka mbali zaidi ni nani?"

"Ni sisi, mama. Leo mgeni ni wewe."

Akakaa wima, akaupeleka uso wake mbele, kwenye viti vya mwanzo. Nilielewa anachosubiri. Alisubiri kwa dakika nyingi, mtu ainuke. Hakuinuka mtu. Niliwachukia wote mle ndani, mmoja mmoja, na viatu vyao. Halafu saa saba na nusu namba yetu ikaitwa, sawasawa na zamu yetu, na ikabidi nikubali kwamba utaratibu ule usio na huruma ndio uliomfikisha mama kwa daktari siku ileile. Hilo nalo likanikasirisha.

Daktari alisema jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaweza kuokolewa, afanyiwe upasuaji mdogo, kisha lipimwe kila baada ya miezi minne. Nikauliza kama tungewahi kuja lingeokoka. Akasema, "Mngewahi kidogo tu." Mama alikuwa anasikia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kaka akasema basi, mama abaki, kliniki iko dakika ishirini. Mama alikaa wiki tatu kwenye kibaraza cha ghorofa ya tano, akiwasikia watu wakipanda na kushuka ngazi bila hodi. Hakulalamika. Alianza tu kula kidogo, kisha kidogo zaidi. Nikamrudisha Tabora huku kaka akiniita mwendawazimu, na sikuwa na hoja ya kumshinda. Anayepima miji kwa hospitali zake ameshinda. Mimi nilikuwa namtazama mama kwenye sahani yake.

Mwezi uliopita kambi ilikuja tena, na jicho la kushoto lilikuwa limefikia kupimwa. Safari hii nilifunga duka tangu jana yake. Tukapata namba tatu. Nikaishika mwenyewe, sikumwachia mama, na nikakaa ubavuni mwake kama askari.

Akaja mwanamke wa rika langu, amemshika mkono baba yake mzee, vumbi limewafika magotini. Mzee akatusalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," na benchi zima likaitikia. Binti akasema wametoka Usinge, wamepewa namba mia na ishirini, na gari la kurudi linaondoka mchana. Hakuomba kitu. Alieleza tu, kama watu wanavyoelezana. Benchi likatugeukia sisi wa mbele. Mama akaanza kuinuka.

Nikamkamata mkono. Nilimkamata kwa nguvu, akarudi kukaa.

"Hapana, mama," nikasema. "Leo hapana."

Alinigeuzia jicho lake moja. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kama ni kuishi hivi, tungebaki Dar."

Nesi akaita namba tatu. Nikamwinua mama, nikaanza kumwongoza kuelekea mlangoni. Yule mwanamke wa Usinge akamsogeza baba yake pembeni tupate njia, akainama kidogo.

"Poleni na kuuguza, dada," aliniambia. "Tangulieni tu."

Tukatangulia.