Subana na Kasuku wa Baba

Jana fundi wa nguo alivua subana yake, kile kikofia cha chuma cha kidole, akaiweka mezani mbele yangu, nami nikasahau nilichokwenda kushonesha.

Baba alikuwa fundi. Kasuku wake alimng'ata kila mtu isipokuwa yeye. Baba alipofariki, mama akiwa amekaa eda, kumlisha yule ndege kuliniangukia mimi, na vidole vyangu vikajaa vidonda.

"Huyu yuko na roho mbaya," alisema baba mdogo. "Ijumaa nampeleka sokoni."

"Shemeji, niachie," mama alimjibu kutoka ndani. "Mluzi wa marehemu umebaki kwake tu."

Alhamisi nilivaa subana ya baba, nikamnyooshea kasuku kidole. Aling'ata kwa nguvu zake zote. Ncha ya mdomo ikavunjika, damu ikadondokea karanga, naye akarudi nyuma kabisa ya tundu.

Tangu hapo hakung'ata mtu, wala hakupiga mluzi tena. Baba mdogo alipoingiza mkono tunduni bila kuumwa, alicheka, akamwacha.

"Mwanangu, umerithi mkono wa baba yako," mama aliniambia.

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."