Madabodi Isiyo na Taa

Mgeni akimkuta barabarani humdhania fundi cherehani. Ana tepu shingoni, penseli nyuma ya sikio, na tabia ya kumtazama mtu kuanzia kiunoni kushuka chini kabla hajamwitikia salamu. Kazi yake ni kutengeneza miguu ya bandia. Kwa miaka ishirini na miwili alikoroga plasta katika kitengo cha viungo bandia cha hospitali kubwa, akaizungusha kwenye vigutu vya watu, akaisubiri ikauke, kisha kutokana na umbo lile akachonga kikombe ambamo kigutu huingia. Ndiyo maana mtaani wanamwita Mama Plasta mpaka leo, ingawa plasta aliiacha miaka miwili iliyopita, na aliiacha kwa hasira.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye kikao. Alisimama akasema kuna vigutu visivyovumilia kuguswa na kitu chenye maji, na kwamba sehemu nyingine siku hizi watu wanavipiga picha pande zote, kompyuta inaunganisha picha hizo, umbo linapatikana bila kumshika mgonjwa. Mkuu wa kitengo hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Mguu hupimwa kwa mkono, mama. Hayo ya kompyuta waachie wajukuu wachezee."

Wenzake wakacheka. Yeye hata mjukuu hakuwa naye. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani mbele ya Mkuu pamoja na ufunguo wa kabati. Wiki ile ile alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli.

Chumba cha mbele kina benchi, jiko la kulainishia plastiki na mashine ndogo ya kuchonga. Cha nyuma kina kitu ambacho wateja hukiona wakasita mlangoni: duara la bomba la chuma, pana kama tairi la lori, lililoning'inizwa usawa wa goti. Juu yake amefunga kamera kumi ndogo, zote zikitazama katikati. Duara hilo alilichomelea mwenyewe. Shida ikawa kompyuta. Ile ya zamani ilimudu kamera nne. Ya tano ikichomekwa, skrini iliganda, feni ikalia kama birika linalochemka, na mgonjwa akaambiwa arudi kesho.

Aliyekuwa akirudi kesho kila siku ni mwashi mmoja wa makamo, mtu mrefu, mcheshi, aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kukatwa mguu chini ya goti. Kigutu chake kilikuwa na kisirani cha ajabu. Kikiguswa tu na kitambaa kibichi, misuli yote ilianza kurukaruka. Hospitali walimfunga plasta mara tatu, na mara tatu ikatoka imepinda. Mwishoni Mkuu aliandika kwenye cheti kwa mkono wake: *Haiwezekani. Atumie magongo.*

Msimamizi wa ujenzi alikuwa mstaarabu kiasi chake. Alimwambia Mwashi nafasi yake ingesubiri mpaka mwisho wa mwezi. "Ila uje umesimama," akasema. "Mwashi wa magongo atashikia wapi mwiko?"

Zilibaki siku kumi na tisa. Kumpiga picha kwa kamera moja inayozunguka kulichukua dakika mbili, na katika dakika mbili kigutu kile kiliruka mara thelathini. Kamera zote kumi zilipaswa kupiga kwa mpigo mmoja. Basi Mama Plasta akachukua mkoba wake, karatasi alizochapisha na kalipa yake ya kupimia unene, akaenda kwa shemeji.

Shemeji huyu ni mdogo wa mume wake, na jina lake la mjini ni Taa. Ana duka la kompyuta lenye kaunta ya kioo, na kila kompyuta anayoiunganisha huwaka rangi saba. Alimwona Mama Plasta mlangoni akapiga makofi.

"Shemeji! Leo umenikumbuka. Chakula hamjanipa tangu lini?"

"Njoo ule, nani kakufungia mlango? Nataka madabodi."

Taa akatabasamu kama mtu aliyeombwa wimbo anaoujua. Madabodi ndiyo ule ubao mpana ambao kila kitu cha kompyuta huchomekwa juu yake, na kwa Taa ndipo palipokuwa na heshima yote ya fundi. Akashusha boksi kubwa linalong'aa, akautoa ubao, akauunganisha na umeme palepale ili uwake.

"Hii ikiwaka, mpaka jirani anafunga pazia."

"Mimi nina karakana, sina disko. Nafasi za kadi ngapi?"

"Mbili. Lakini ibebe uone ilivyo nzito."

"Hata jiwe ni zito, shemeji. Nataka tatu. Moja ya kadi ya picha, mbili za kadi za kuongeza matundu ya USB. Kamera tano huku, tano huku."

"Si ina matundu kumi nyuma! Chomeka humo humo."

"Matundu kumi yanayopita kwenye njia moja. Kamera zote zikisema kwa pamoja, zinabanana."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaacha kuongea. Taa akauzima ule ubao wa disko akaleta mwingine, wa bei ya kati, akautandaza mbele yake. Nafasi tatu ndefu, zimepangika vizuri kabisa.

Mama Plasta akapekua karatasi zake. "Hii ya tatu ni mlango uliochorwa ukutani. Kwa nje ndefu, ndani nyembamba. Haibebi kamera tano."

"Nani kakwambia?"

"Kitabu chake cha maelekezo. Ukurasa wa kumi na nane."

"Shemeji, hivyo vitabu hakuna mtu anasoma. Mimi nimeunganisha kompyuta zaidi ya mia mbili, sijafungua hata kimoja."

"Najua. Nimeziona."

Mteja mmoja akacheka kwa pua. Taa akajifanya hakusikia. Mama Plasta akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu kabisa, kwenye boksi la kijivu lililokaa vumbi. "Niteremshie ile."

"Ile? Ile imekaa mwaka mzima. Haina taa hata moja, na bei yake inakaribia ya hii ya kwanza. Mtu atanunuaje kitu cha bei na hakina sura?"

"Miguu yangu nayo haina sura. Inatembea."

Ubao ulikuwa mweusi tii. Nafasi tatu, na za kweli. Kwenye sehemu ya kwanza kati ya tatu za kuweka diski kulikuwa na kifuniko kinene cha chuma cha kufyonza joto. Mama Plasta akatoa kalipa mkobani, akapima umbali kati ya nafasi ya kwanza na ya pili.

"Shemeji, hilo si goti!" Taa akapaza sauti, na duka zima likacheka.

"Milimita sitini na moja," akasema yeye bila kuinua uso. "Kadi yako ya picha ina unene gani?" Akaipima nayo. "Hamsini na mbili. Itapumua. Nifungie hii."

Taa akakuna kichwa. Alisema ikikataa asilaumiwe, na kwamba kaka yake ataambiwa. Kisha akalegea, maana mke wa kaka ni mke wa kaka: akampa siku tatu. Ubao ukigoma, anaurudisha na anachukua ule wa taa, bila maneno.

"Sawa. Ila utakuja kuunganisha kwangu, kwenye benchi langu. Na usichomeke kitu kabla hujasoma ukurasa wa thelathini na moja. Nitaukunja pembe."

"Nitasoma, shemeji. Nitasoma."

Alikuja asubuhi ya Jumanne na begi lake la bisibisi, akipiga mluzi. Mwashi naye aliwahi. Mama Plasta akaenda chumba cha nyuma kumkalisha kwenye kigoda, kumvisha soksi nyeupe yenye madoadoa meusi ambayo kamera huyatambua, na kurekebisha duara. Alipotoka baada ya nusu saa kompyuta ilikuwa imeunganishwa, imewashwa, na Taa anafuta mikono kwa kujiridhisha.

Kwenye skrini kulikuwa na visanduku kumi. Kamera ya kwanza mpaka ya tano zilionyesha goti la Mwashi kutoka pande tano. Ya sita mpaka ya kumi zilikuwa giza.

Taa akabadilisha kebo. Giza. Akazipishanisha kadi, ya juu chini, ya chini juu. Giza lilibaki pale pale, kwenye nafasi ya tatu. Akakaa juu ya begi lake akashusha pumzi ndefu, lakini usoni hakuwa na huzuni kubwa.

"Nafasi imekufa, shemeji. Nilisema mimi. Kitu hakina sura, hakina maisha. Naurudisha, mchana nakuletea ule mwingine. Kamera utapunguza ziwe sita, saba."

Akaanza kulegeza skrubu ya kwanza.

Kutoka chumba cha nyuma Mwashi aliita kwa sauti ya upole, ya mtu anayewahurumia wenzake. "Mama, kama haiwezekani niambie tu. Nimezoea kuambiwa."

Mama Plasta alisimama kati ya vyumba viwili. Neno lile alikuwa ameliona kwenye cheti, kwa wino wa bluu, limepigiwa mstari. Alijua wazi nini kingefuata ubao ule ukitoka mlangoni: kamera saba, umbo lenye matundu, kikombe kinachochubua, Mwashi kwenye magongo, na huko hospitali mtu mmoja akikohoa kwa kuridhika.

"Kaa hapo hapo, usivue soksi," akamwambia Mwashi. Kisha akamgeukia shemeji. "Weka bisibisi chini."

"Shemeji, ubao umekufa..."

"Weka chini nimesema. Ubao huu hautoki hapa. Diski umeichomeka wapi?"

"Kule mwisho, kama siku zote. Hapa juu inakaa chini ya kadi ya picha, inaungua. Nimeshaona diski zilizoungua mimi, usinifundishe."

"Ukurasa wa thelathini na moja umesoma?"

Taa akatazama feni.

"Nisomee. Kwa sauti, Mwashi naye asikie."

Kitabu kilikuwa ndani ya boksi, bado kina pembe iliyokunjwa. Taa akakifungua, akasoma kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa, akiruka meza na michoro, mpaka akafika kwenye maandishi madogo ya chini, madogo kama mbegu za ufuta. "Diski ikichomekwa katika sehemu ya tatu..." Akausogeza ukurasa karibu na macho. "...nafasi ya tatu ya kadi itazimwa."

Kisha Mwashi akaangua kicheko kilichotikisa kigoda. "Yaani kaka, umeukata mguu mwenyewe halafu unasema mgonjwa kafa!"

Taa alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka naye. Lakini Mama Plasta hakucheka bado. Aliing'oa kadi ya picha, akahamisha diski kwenye sehemu ya kwanza, akaibana chini ya kile kifuniko kinene cha chuma, kisha akairudisha kadi. Mbao za bei rahisi ambazo Taa aliziunganisha miaka yote hazikuwa na kifuniko kama hicho, na diski zake ziliungua kweli. Mkono wake ulijifunza kwenye mbao mbaya, ukashindwa kuujua ubao mzuri. Hilo Mama Plasta alilielewa, maana aliwahi kuona mikono ya namna hiyo ikikoroga plasta.

Akawasha. Visanduku kumi, magoti kumi.

Akaingia chumba cha nyuma akiwa na kitufe mkononi. Kigutu kilikuwa kimeshaanza kuruka kwa wasiwasi tu. Akakiacha kiruke. Kitufe kikalia mara moja.

"Tayari," akasema.

"Tayari nini?" Mwashi akauliza, bado amekunja uso akisubiri maumivu.

"Tumemaliza."

"Hujanigusa!"

"Ndiyo."

Kompyuta ilifanya kazi dakika kumi na moja, feni zikivuma kwa sauti ile ile moja, bila kuganda. Kisha kigutu kikatokea kwenye skrini, cha kijivu, kinazunguka taratibu, na kovu lake, na mfupa wake uliochomoza upande wa nje. Mwashi alisogea na magongo yake, akakitazama kwa muda mrefu. "Ndiye huyu huyu," akasema. "Huyu mshenzi. Kumbe anaweza kutulia."

Kikombe cha kwanza kilimbana. Cha pili kilikaa. Siku nne kabla ya mwezi kwisha Mwashi aliingia kwenye ujenzi kwa miguu miwili, mwiko mkononi, akapita mbele ya msimamizi bila kusalimia ili atazamwe vizuri.

Taa sasa husoma vitabu vya maelekezo, ingawa anavificha chini ya kaunta. Amemwomba shemeji mara mbili amruhusu aweke walau utepe mmoja wa taa ndani ya ile kompyuta, rangi ya bluu tu, ya heshima. Jibu bado ni lile lile.

Wiki iliyopita alifika mama mmoja kutoka hospitali, kigutu chake kina kidonda ambacho plasta imekichubua mara mbili. Alikuwa na kikaratasi chenye wino wa bluu, mwandiko wa Mkuu. Mama Plasta akakisoma akiwa amesimama: *Mgonjwa apimwe. Plasta itumike.*

Akakigeuza upande wa nyuma, uliokuwa mweupe, akaandika vipimo vya kulirekebishia duara la kamera, na kukibana ukutani kwa pini.

"Ingia huku ndani, dada," akasema. "Kaa hapo kwenye kigoda. Sitakugusa."